Mguu wa Serikali

Baba mkwe wangu nilimheshimu kwa mbali, maana kwa karibu sikuruhusiwa. Kwetu Gusii tuna kitu tunakiita chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima, na kati ya mzee na mke wa mwanawe ni kali kuliko sheria yoyote ya serikali. Haingii nyumbani kwako. Akiwa na neno la kukuambia, anasimama uani na kukohoa, kisha anaisemesha miti. Ukikutana naye njiani unaingia migombani mpaka apite. Na mwili wake, hata goti, wewe huuoni, kama ambavyo yeye haoni wako. Wageni wakisikia hucheka. Wacheke tu. Sisi ndivyo tulivyolelewa, na boma lililojaa watu wazima wanaolala mita chache baina yao lilikaa kwa amani kwa sababu hiyo.

Mguu wake wa kulia ulibaki Burma, vitani. Waingereza walimchukua akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe, wakamrudisha Ekerenyo na nishani kifuani na mguu wa mbao na ngozi uliofungwa juu ya paja kwa mikanda. Walimpa pia pensheni ya kilema, na kwa pensheni hiyo alioa, akapanda chai ilipokubaliwa kupandwa na Mwafrika, akamsomesha mwanawe mpaka akawa mwalimu. Mwalimu huyo ndiye aliyenioa mimi. Kwa hiyo naweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba hata ng'ombe wa mahari yangu walitoka kwenye ule mguu.

Nilipoolewa, miaka michache baada ya Uhuru, mguu wa mbao ulikuwa umechoka. Bawaba ya goti ilikuwa imeota kutu na panya walikuwa wametafuna ngozi. Mzee aliukaza kwa vipande vya mpira wa gurudumu, lakini ukawa unamchubua, na kigutu cha paja kikawa hakikauki. Alikwenda ofisini akaambiwa mguu huo ni wa Mwingereza, amwendee Mwingereza. Akampata Mwingereza mmoja aliyekuwa bado anafungasha, naye akamwambia kwa upole kwamba mambo yote ya miguu sasa ni ya Serikali ya Kenya. Akarudi pale pale. Karani aliyemwona mara ya kwanza akamuuliza kama hajampata Mwingereza.

Kisha akaanguka kanisani. Ilikuwa Sabato, watu wote wamesimama kwa ajili ya wimbo, na bawaba ikakatika. Alianguka katikati ya safu akiwa amekumbatia kitabu cha nyimbo, suruali imepinda, mguu umegeuka kisigino mbele. Watoto walicheka, na watu wazima wawili watatu pia. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje ya boma. Alikaa kwenye kiti karibu na ghala na gongo lake, akiwapigia kelele wachuma chai, akimpiga mbwa, akimtukana mkewe kwa kuchelewesha uji. Mama mkwe alimpaka dawa kwenye kigutu kila jioni, naye alimtukana pia kwa hilo. Hakuwa mzee mwema. Alikuwa mtu mkali aliyefungiwa, na alitaka kitu kimoja tu duniani: mguu mwingine, ili aweze kutoka langoni mwake wima bila kumwomba mtu.

Mimi nilikuwa nesi. Nilifanya kazi kwenye zahanati huko Marani, nikilala kwenye nyumba ya wafanyakazi siku za kazi na kurudi Ekerenyo Ijumaa kabla jua halijazama. Wanangu wawili walikaa na bibi yao.

Siku moja chifu alitangaza kwenye baraza kwamba Bodi ya pensheni inakuja mjini Kisii kuwakagua askari wa zamani wote wenye vilema. Kulikuwa na maneno kwamba watu wanakula pensheni kwa majeraha ya panga na ya vilabu vya pombe ya busaa. Atakayefaulu, pensheni yake itaendelea, na asiye na mguu atapelekwa Nairobi kupimwa mguu mpya. Atakayeshindwa au asiyefika atakatwa jina. Mzee aliposikia hayo, mama mkwe aliniambia, alimwamuru mkewe apige nishani pasi. Nishani haipigwi pasi, basi akapiga pasi kile kitambaa chake.

Bodi ilihitaji mtu wa kutafsiri Kigusii na kuwasaidia wazee kuvua nguo. Wakanifuata Marani kwa Landrova. Nilipoona orodha ya siku nilishtuka, nikatafuta upande wetu: watu wa Ekerenyo walikuwa siku ya pili. Nikamwomba karani wa Bodi ruhusa ya siku hiyo. Nikamwambia wazi kwamba baba mkwe wangu atakuwepo na mimi siwezi kuwa chumba kimoja naye akivua. Karani alikuwa mtu wa mbali, lakini alikubali, akasema siku ya pili atatafuta mwingine. Nikapumua.

Sitaisahau asubuhi ile ya siku ya kwanza. Ukumbi ulikuwa baridi, na nje wazee walikuwa wamejipanga kwenye mvua wakiwa na makoti ya jeshi yaliyoliwa na nondo. Daktari alikuwa kijana kutoka Nairobi, msomi, mwenye miwani na haraka. Mzee mmoja asiye na vidole vya mkono wa kulia aliulizwa kama anaweza kulima. Mgusii gani atasema mbele ya mgeni kwamba hawezi kulima? Alijibu kwa kiburi kwamba analima kuliko wanawe wote. Daktari akaandika, na nikaona kwa jinsi alivyoandika kwamba pensheni imekwisha. Mwingine alikuwa kiziwi kwa sababu ya mabomu. Karani alimpita nyuma kimya kimya akaangusha sarafu sakafuni. Yule mzee hakusikia, ila aliiona inabingirika kando ya kiatu chake, akainama kuiokota ili amrudishie mwenyewe. Walicheka mpaka daktari akavua miwani. Wakamwandika kwamba anasikia. Nilijaribu kusema kwamba ameiona, nikaambiwa kazi yangu ni kutafsiri. Nilikasirika hata mate yakawa machungu, lakini nilikuwa na gauni jeupe na kofia ya serikali kichwani, na mzee mwingine alikuwa ameshaingia.

Halafu nikasikia gongo. Ukilijua gongo la mtu huwezi kulikosea.

Alikuwa amekuja siku moja kabla. Lori la chai lilikuwa linateremka mjini, naye, kwa akili ya kijeshi, aliona afadhali alale kwenye baraza la ukumbi awe wa kwanza kesho kuliko achelewe. Lakini mvua iliwafukuza wengi, foleni ikawa fupi, na askari wa mlangoni akamwonea huruma akamwingiza. Huruma hiyo ndiyo iliyotumaliza. Aliingia na koti lake na nishani yake, akapiga saluti, ndipo akaniona nimesimama kando ya meza na futi ya kupimia mkononi.

Niligeuka nikatazama ukuta. Yeye akatazama chini.

"Mzee, vua suruali," daktari alisema.

"Afande, huyu mama atoke kwanza," mzee alijibu kwa Kiswahili chake cha jeshi.

"Huyu ni nesi. Nesi hutazama watu wote."

"Ni bibi ya kijana yangu, afande."

Nikasema, bado nimeukabili ukuta, kwamba ni kweli, kwamba mzee anajua Kiswahili na hanihitaji, na kwamba naomba nitoke kwa dakika chache tu. Mambo yangeishia hapo kama daktari angekuwa mtu mwenye njaa ya chakula cha mchana tu. Lakini alikuwa amepingwa mbele ya karani, na mzee mshamba asiye na mguu na mwanamke wa zahanati ndio waliompinga. Nilimsikia akiweka kalamu mezani.

"Mguu kama umekatwa vitani, kwa nini unaficha?" aliuliza. "Nimeona wengi. Mwingine alikatwa na mashine ya mahindi, anasema Burma. Utavua hapa, mbele ya nesi, na nesi atapima. La sivyo nitaandika kwamba umekataa kukaguliwa, na wewe utarudi nyumbani bila pensheni na bila mguu. Chagua."

Karani hakukumbuka kwamba nilikuwa nimemwomba ruhusa. Alikuwa anachonga penseli.

Nilijua mzee anafikiri, na nilifikiri najua anafikiri nini: kwamba atapiga saluti ageuke aondoke. Nilimwomba Mungu aondoke. Ningemlisha mimi kwa mshahara wangu mpaka afe, na wote tungebaki watu. Badala yake nikasikia gongo likiegemezwa kwenye meza, kisha sauti yake, kavu, ya mtu anayetoa ripoti.

"Afande, nilikosa. Huyu si bibi ya kijana yangu. Mimi sikutoa ng'ombe kwa babake. Anakaa tu na kijana. Huyu kwangu ni mtu wa njia. Sista wa serikali."

Kisha akarudia kwa Kigusii, polepole, ili wazee waliokuwa mlangoni nao wasikie: kwamba hakuna ng'ombe waliotoka kwake kwenda kwa baba yangu, na kwamba mwanamke huyu si wa nyumba yake.

Kwa watu wetu ng'ombe ndio ndoa. Pasipo ng'ombe hakuna mke, na pasipo mke hakuna mkaza mwana, na pasipo mkaza mwana hakuna chinsoni. Alikuwa ameukata uzi wote kwa neno moja, na wale ng'ombe aliowakana walikuwa wakikamuliwa asubuhi ile ile nyumbani kwa baba yangu, Kiogoro.

"Basi tatizo liko wapi?" daktari akacheka. "Vua."

Akavua. Daktari akaniamuru nigeuke, nikageuka. Alisimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja mezani, macho kwenye mabati ya paa, kifua mbele, nishani inaning'inia. Nikapima kigutu. Kilikuwa chekundu na chenye unyevu upande wa ndani, na kovu la zamani lilikuwa limeshonwa vibaya, kwa haraka ya vita. Hakuna aliyehitaji futi kujua kwamba mashine ya mahindi haikufanya vile. Nikasoma vipimo kwa sauti mara mbili. Yeye hakushusha macho. Daktari akaandika kwamba amefaulu, akamwambia hongera.

Ijumaa nilirudi nyumbani nikiwa bado najidanganya. Nilisema ni uongo wa dharura, mtu anaweza kusema chochote mbele ya serikali, kila mtu hufanya hivyo. Nilikuta sufuria zangu zimepangwa nje ya mlango. Zilikuwa zimeoshwa vizuri. Mama mkwe ndiye aliyeziosha, na alikuwa analia ndani ya jiko lake, lakini hakutoka.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti na viatu vyake vya ualimu, hanitazami.

"Baba amesema," aliniambia.

"Baba amesema uongo! Ng'ombe uliwaswaga wewe mwenyewe na ndugu zako. Si uliwaswaga?"

"Niliwaswaga."

"Basi?"

"Basi nikisema ni uongo, nimesema wewe ni mke wangu. Na kama wewe ni mke wangu, baba yangu amemvulia nguo mkaza mwana wake mbele ya watu. Unataka mimi niseme hivyo juu ya baba yangu?"

Alikuwa amelifikiri kama hesabu ya ubaoni, na hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniua. Nikamwambia kuna njia: wazee waitwe, mbuzi achinjwe, mimi na mzee tutakaswe, yaishe. Watu hukosea na hutakaswa, mila yenyewe imeacha mlango huo. Alinyanyuka akaenda kwa baba yake. Nilisikia kutoka pale nilipokaa kati ya sufuria zangu. Mzee hakupiga kelele, na si kawaida yake. Alisema mbuzi ni kukiri. Akichinja mbuzi, Ekerenyo yote itajua kwamba alivua. Asipochinja, alivua mbele ya sista. Kisha akamuuliza mwanawe kama wanawake wameisha Gusii.

Nililala kwa jirani. Mtoto wangu mdogo alikuwa hajaacha kunyonya vizuri, na usiku kucha maziwa yalilowesha gauni langu. Nilimchukia mzee. Nilimchukia daktari pia, na karani na penseli yake, lakini hao niliwachukia kama unavyochukia mvua ya mawe. Mzee nilimchukia kama unavyomchukia mtu wa ukoo wako. Na mume wangu sikuweza hata kumchukia, nilimwonea kinyaa.

Miezi ikapita, nikikaa Marani na kusubiri akili zao zirudi. Kisha mzee akaitwa Nairobi, na alirudi na mguu mpya, wa rangi ya kahawia, wenye kiatu na soksi. Watu walikwenda kuutazama. Walisema unapinda gotini wenyewe. Walisema mzee anatembea kama afisa. Serikali, kwa mara ya kwanza tangu ianze kumwahidi, ilikuwa imetimiza, nami nakiri nilifurahi kidogo kwa ujinga wangu. Nilifikiri mtu akipata alichotaka roho yake hulegea.

Safari yake ya kwanza kwa mguu ule ilikuwa Kiogoro, kwa baba yangu. Alipanda basi mpaka mjini, akatoka mjini kwa miguu, akaupanda mlima wetu peke yake bila gongo. Baba yangu alinisimulia kwamba alipomwona anakuja hakumtambua, akamsifu kwa kutembea wima. Walimpa uji akanywa. Ndipo akasema amekuja kwa ajili ya ng'ombe wake.

"Ulisema hukutoa ng'ombe," baba yangu alimkumbusha. Habari ilikuwa imefika huko siku nyingi.

"Nilisema. Ndiyo maana nimekuja kuwachukua, ili maneno yangu yawe kweli."

Ng'ombe walirudishwa. Baba yangu angeweza kupinga, lakini alikuwa mtu mwenye haya, na alisema hawezi kumlazimisha mtu kuwa baba mkwe. Kwa kila mtoto niliyezaa alibakishiwa ng'ombe mmoja, kwa sababu watoto ni wa boma la baba yao. Ndivyo mila inavyokata. Wanangu wakawa wa kwao, kwa haki, mbele ya mashahidi, na mimi nikabaki na kazi yangu na kofia yangu. Kabla ya mavuno ya pili mwalimu alioa mwingine.

Kama ningeandika kwamba nilizoea, ningekuwa naandika uongo. Nilifanya kazi. Nilifunga vidonda vya watu, nikazalisha, nikachoma sindano, na kila nilipomshika mtoto wa umri wa wangu niliangalia kwanza uso. Nilipopita Ekerenyo kwa basi niliinamisha kichwa.

Mwaka mmoja hivi baadaye, asubuhi ya siku ya soko, nilimwita mgonjwa aliyefuata, akaingia yeye. Alikuwa amekuja sokoni Marani kuuza ndama. Nilisimama nikauelekea ukuta kabla sijajua ninafanya nini. Mwili ulikuwa bado unakumbuka adabu. Nyuma yangu nilisikia mkanda ukifunguliwa.

"Jambo, sista," alisema kwa Kiswahili. "Hii mguu ya Nairobi ni mzuri, lakini inakula mimi hapa juu. Angalia."

Niligeuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, suruali chini, mguu wa serikali umefunguliwa na kuegemezwa kando yake, kigutu kimenyooshwa mbele yangu kama mtu anavyonyoosha mkono wenye mwiba. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu: haya, hasira, kiburi, hata hila. Hakuna. Alikuwa mzee aliyemjia nesi. Nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba anaigiza, kwamba ndani yake anajua na inamuuma, na usiku mwingi nililala kwa kulitegemea hilo. Hakuwa anaigiza. Alilisema neno lile, akaliamini, likawa kweli, naye akapona.

Nilimmiminia spiriti kwenye kidonda bila kumwonya. Alikaza meno, akanisifu kwa mkono mwepesi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nafunga bendeji polepole, akaanza maongezi, yeye ambaye hakuwahi kuniambia neno ila kupitia migomba.

"Nyumbani iko wajukuu," alisema. "Mkubwa ameanza shule, ana akili. Ile kidogo inasumbua. Usiku inaamka inalia, inalia tu. Bibi yake anachoka. Dawa iko, sista?"

Nilikuwa nimeinama. Bendeji nilikuwa nimeishika mkononi.

"Anamtaka mama yake, mzee."

Alilipima jibu langu kwa makini, vile wagonjwa wanavyopima maneno ya daktari, kisha akatikisa kichwa.

"Itazoea," alisema. "Mimi nilipotoka Burma hii mguu ilikuwa inaniwasha usiku, kwa vidole, na vidole haiko. Nilikuwa nalia kama mtoto. Sasa hapana tena. Itazoea."

Akajifunga mguu wake, akavuta suruali, akapiga saluti mlangoni. Nilimwita mgonjwa aliyefuata.